Santuri ya mtoto: shajara ya sanduku la vitufe vitatu

Jumamosi, 8 Februari 2025

Redio ya bibi yake mwanangu ndiyo iliyoanzisha haya. Ni redio kuukuu yenye kasha la mbao, imekaa juu ya kabati la vyombo hapa nyumbani Makorora, Tanga, tangu kabla sijaolewa, na siku hizi haishiki stesheni yoyote. Lakini kitasa chake cha kuwashia bado kinazunguka na kutoa "ta!" moja safi. Mwanangu ana miezi 22. Akibebwa tu karibu na kabati, mkono umeshanyooka. Anazungusha, "ta!", kisha anatulia na kutega sikio. Kimya. Anazima, anawasha tena, anatega tena.

Nimemtazama hivyo wiki nzima na imenigusa. Mtoto ameshaelewa kwamba kitu hiki kikiwashwa kinapaswa kuitika, na anakisubiri kwa adabu zote. Basi nimeamua kumtafutia chombo cha muziki cha chumbani kwake ambacho akikiita kitamwitika, na nitaandika hapa kila hatua ili nisizunguke mara mbili njia ileile.

Ninachotaka ni hiki: akiwashe mwenyewe bila kumwita mtu mzima, hata gizani. Kisiwe na kioo cha kutazama. Kifanye kazi umeme ukikatika na bando likiisha. Kisimuumize masikio. Na kikiharibika, awepo mtu hapahapa Tanga wa kukifungua.

Jumapili, 16 Februari

Nilianza na simu yangu, kwa kuwa ipo. Usiku wa kwanza wimbo ulikuwa umemfikisha pazuri, macho yanafumba, ukaingia ujumbe wa kundi la kikoba. Akaamka. Usiku wa pili simu ikapigwa katikati ya wimbo. Usiku wa tatu niliizima mitandao yote, nikaona tatizo lenyewe halikuwa milio: alikuwa hasikilizi, anakitaka kioo. Anaigusa, inawaka, anacheka, usingizi umekwenda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya kioo, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Sasa mimi nakiweka juu ya mto wake kwa jina la muziki. Simu imetoka.

Baba yake akaleta spika ndogo ya Bluetooth kutoka Ngamiani, sh. 25,000, inachukua na memori kadi. Tukaona tumemaliza. Kumbe kila ikiwashwa inatangaza kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke, kali, na sauti hiyo haipungui hata ukipunguza muziki. Halafu ina taa za rangi zinazocheza mbele. Nilizibandika plasta ya kidonda, zikaonekana kwa pembeni. Vitufe sita, vyote sawa kwa ukubwa, vyote vyeusi. Mtoto akabonyeza ule wenye herufi M, ikahamia redio, hakuna stesheni, ukatoka mvumo mkali karibu na uso wake. Alilia mpaka akatapika.

Spika si mbovu. Sasa iko jikoni na inatufaa sana wakati wa kukuna nazi. Ila imetengenezwa ifanye mambo matano, na mwanangu anahitaji moja.

Jumanne, 25 Februari

Dada yangu anaishi Ujerumani. Nilipomweleza akanitumia picha za vyombo ambavyo watoto wa huko wanavyo, na nimekaa navyo siku tatu nikivisoma kimoja kimoja.

Toniebox ilitoka Ujerumani mwaka 2016. Ni kisanduku laini kilichovishwa kitambaa, hakina kioo. Mtoto anaweka kisanamu juu yake, hadithi inaanza, akikiondoa, inanyamaza. Sauti inaongezwa na kupunguzwa kwa kubana masikio mawili, moja kubwa moja dogo. Aliyefikiria jambo hili anawajua watoto. Kuna na Yoto ya Uingereza, yenyewe inatumia kadi za kuchomeka. Vyote viwili vinahitaji kwanza intaneti ili kuvuta hadithi, kisha vinacheza bila mtandao. Vina hata visanamu na kadi tupu za kuweka sauti zako mwenyewe.

Nilikaribia kusema ndiyo. Dada alikuwa tayari kulipa, na bei inazidi laki mbili. Kilichonirudisha nyuma ni kwamba karibu kila kilichomo ni Kijerumani au Kiingereza, na kila wimbo mpya ungepitia akaunti na seva ya mbali. Siku kampuni ikibadili utaratibu, nani wa kumuuliza hapa?

Kilichonikaa moyoni ni cha tatu, hörbert, nacho cha Ujerumani. Sanduku la mbao, vitufe tisa vya rangi, memori kadi ndani, betri za kawaida. Kila kitufe kina nyimbo zake. Halihitaji intaneti wala akaunti. Bei yake ndiyo kubwa kuliko yote. Lakini nikilitazama naona kabisa: sanduku, vitufe, kadi, betri, spika. Hayo yote yapo Tanga.

Dada hakukasirika. Amesema pesa ile atanunulia betri nzuri za kuchaji.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekwenda kwa mzee mmoja fundi redio Ngamiani. Nilibeba redio ya bibi kwenye kikapu, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, wewe hutaki redio. Unataka spika yenye kumbukumbu." Ndivyo hasa.

Ametoa kwenye droo kijibao cha saizi ya stempu kiitwacho DFPlayer Mini. Kina mahali pa kuchomeka memori kadi ndogo, kinasoma faili za MP3, na kina kikuza sauti chake cha wati 3 humohumo, kwa hiyo spika inaunganishwa moja kwa moja. Kinataka volti 3.2 hadi 5. Jambo lililonifurahisha ni kwamba hakihitaji kompyuta ndogo ya kukiongoza: vitufe vyote vinaunganishwa kwenye mguu mmoja wa kijibao, kila kimoja kikipita kwenye rizista (kijipande kinachozuia sehemu ya umeme) ya thamani tofauti. Kitufe kikibonyezwa, kijibao kinapima volti iliyofika, kinajua ni kipi kimeguswa, kinapiga faili lake.

Spika tutatoa kwenye redio ya bibi. Fundi ameipima, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), karatasi yake nzima kabisa. Niliona vibaya kuivunja redio bila ruhusa, nikampigia simu mama mkwe palepale. Akasema, "Itoe, mwanangu. Redio isiyosema ina faida gani? Spika hiyo imesikiliza Redio Tanzania maisha yake yote, na taarabu za Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga. Imesoma."

Vitufe vilitusumbua zaidi. Alivyokuwa navyo fundi ni vidogo kama punje za mahindi. Tukatoka wote wawili mpaka duka la vifaa vya umeme, na mzee ndiye aliyeviona: swichi za kengele ya mlango. Pana, laini, ukigusa popote inabonyea, ukiachia inarudi yenyewe. Kiganja chote cha mtoto kinatosha juu yake. Tumenunua tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Ramadhani imetupa ukimya nilioutafuta. Mchana Makorora hairekodiki: kunguru, bodaboda, muuza samaki na honi yake. Lakini baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri, kuna muda mfupi ambao hata majani ya mwembe unayasikia.

Siku nne mfululizo mama mkwe amekaa nami kwenye muda huo. Tumefunga madirisha, tukazima feni, tukashusha chandarua na kutupia mablanketi mawili juu yake, tukaingia ndani na simu. Mablanketi yanameza mwangwi wa kuta za saruji. Tofauti ilisikika mara moja. Simu niliiweka juu ya mto, shibiri mbili kutoka kinywani mwake na pembeni kidogo, maana ikikaa mbele kila "p" inapasuka.

Mama mkwe ni mtu wa Tongoni, kule kwenye magofu, kusini mwa mji. Nyimbo zake za kubembeleza zina maneno ya Kimtang'ata ambayo mimi niliyezaliwa mjini siyajui yote. Mara ya kwanza aliimba kwa sauti ya kusanifu, kama yuko mbele ya watu. Nikasikiliza, nikaona siyo. Usiku wa pili nikamwekea mjukuu wake mapajani, amelala. Hapo ndipo ilipotoka yenyewe, chini kabisa ya koo, na kila baada ya beti mbili anashusha pumzi. Zile pumzi sitazikata.

Tumezungumza pia kuhusu Kurani. Nilifikiri kitufe kimoja kiwe cha sura fupi. Yeye akasema hapana, kwa upole: mtoto atabonyeza, ataachia, atabonyeza kingine katikati ya aya, na maneno yale si ya kukatwakatwa kwa mchezo. Sura zitasomwa na baba yake mwenyewe, mkono juu ya kichwa cha mtoto, kama anavyofanya sasa. Nimekubali, na naona yuko sahihi.

Kwa hiyo kitufe cha kwanza ni bembelezi za bibi. Cha pili ni watoto wa uani wakiimba na kupiga makofi; hiyo nilirekodi jioni moja na kelele zote zimo, na zinafaa. Cha tatu ni hadithi moja fupi ya samaki niliyoitunga mimi, naisoma mimi.

Jumapili, 23 Machi

Nimetumia Audacity, programu ya bure ya kompyuta, kukata na kusawazisha. Kusawazisha ndiyo kazi kubwa. Watoto wa uani walirekodiwa wakipiga kelele, bibi alinong'ona. Bila kuweka sauti zote kiwango kimoja, anayetoka kwenye bembelezi akagusa kitufe cha pili angeshtuka kama siku ile ya spika. Bembelezi nimeziunga faili moja la dakika 20, na dakika nne za mwisho zinafifia taratibu mpaka kimya. Dakika moja ya sauti inakula karibu MB 1, hivyo kadi ya GB 8 tumeijaza kiasi kidogo sana.

Kuna mtego mmoja umenila jioni nzima. Nimeyaita mafaili 001, 002, 003, nikayatupa kwenye kadi yote kwa pamoja. Kitufe cha kwanza kikapiga makofi ya uani, cha tatu kikapiga bembelezi. Nikadhani fundi amekosea rizista. Hakukosea. Kijibao hakisomi jina la faili, kinafuata mpangilio wa faili lipi lilitangulia kuingia kwenye kadi. Dawa: futa kadi upya kwa mfumo wa FAT32, kisha ingiza moja, subiri limalize, ingiza la pili, subiri, ingiza la tatu. Atakayejaribu kazi hii aanze na hapo.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imepita, seremala amefungua. Sanduku ni la mtiki, vipande vilivyobaki kwenye kazi ya milango. Mtiki wa mkoa huu mwingi unatoka shamba la Longuza, Muheza. Sm 24 kwa 16, kina sm 11. Nyuma ya spika ameacha nafasi ya kutosha, kwa hiyo sauti ya bibi imepata kifua.

Rangi nimekataa. Mwanangu bado anajua dunia kwa mdomo, na rangi nyingine zina madini ya risasi. Kopo la dukani halikuniambia vya kutosha. Tumesugua kwa msasa mpaka pembe zote zikawa mviringo, kisha tukapaka nta ya nyuki peke yake. Lakini bila rangi vitufe vinafanana, na gizani hata rangi isingesaidia. Seremala akasema atachonga, kama anavyochonga milango. Juu ya kitufe cha kwanza kuna mwezi mwandamo, cha pili ngoma, cha tatu samaki. Si michoro mikubwa, lakini imeingia ndani ya mbao kiasi cha kidole kidogo kupita na kujua.

Kwenye vitu vidogo sikumwonea mtu aibu. Kipimo cha wanaokagua midoli ya watoto wasiofika miaka mitatu ni kijikopo chenye upana wa mm 31.7: kinachoingia mzima humo kinaweza kumkaba mtoto. Nimepitia kila kitu kinachoweza kung'oka. Vifuniko vya swichi ni vipana kuliko hapo, na fundi amevifunga kwa ndani. Ubao wa nyuma una skrubu nne. Betri ni tatu za AA za kuchaji, volti 3.6 kwa pamoja, ndani ya kishikio chake nyuma ya skrubu hizo. Betri bapa za saa nilizipiga marufuku tangu mwanzo; mtoto akimeza moja, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nimeandika mengi kwa sababu wiki hii ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Sanduku lilipowashwa mara ya kwanza lilipaza sauti kuliko nilivyotegemea. Kwa kipimo cha simu, ambacho najua ni cha kukadiria, lilifika desibeli 80 nikilisimamia sm 30, na hapo ndipo masikio ya mtoto yanapokuwa akibonyeza. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa mashine 14 za kulazia watoto kwa mvumo. Zikifunguliwa mpaka mwisho, zote zilizidi desibeli 50 kwa sm 30, na tatu zilizidi 85. Ushauri wao: chombo kikae mbali na mtoto, kifunguliwe kidogo, na kisicheze usiku kucha.

Kisicheze usiku kucha, tayari: dakika 20. Kifunguliwe kidogo, nilitaka kiwe kidogo kwa kufungwa, pasiwepo mkono wowote, hata wa mgeni, utakaoweza kukipandisha. Fundi akaweka rizista ya omu 33 mbele ya spika ya omu 8. Spika inabaki na sehemu moja tu kati ya tano za volti, na hesabu yake ni kushuka desibeli 14 hivi. Nikapima tena: 66 kwa sm 30. Bibi bado anasikika kila neno.

Hilo la mbali ndilo lililonikwaza. Likikaa mbali halifikiki, na mimi nilianza safari hii ili alifikie mwenyewe. Nilijaribu kando ya godoro: karibu mno, na nilimkuta ameweka sikio juu ya spika. Nikajaribu juu ya kabati: masikio salama, mkono hauna kitu. Mwisho tumeweka rafu ya chini kabisa kwenye ukuta wa pili, mita mbili na kidogo kutoka kwenye mto, sm 35 kutoka sakafuni, sanduku limefungwa ukutani kwa mkanda wa chuma lisimwangukie. Godoro lake liko chini, anashuka mwenyewe. Kwenye mto simu inasoma kati ya 50 na 54, feni ikiwa imezimwa. Anabonyeza, anarudi kulala. Nilidhani kutembea kutampa sababu ya kutolala. Kwa siku mbili ilikuwa hivyo kweli. Ya tatu akabonyeza mara moja, akarudi akiburuza kanga yangu.

Ijumaa, 18 Aprili

Limekufa. Siku ya tano tu tangu betri zichajiwe, na halikucheza hata saa tano zote pamoja. Nikampelekea fundi, nikidhani unyevu wa bahari umeshakula vyuma vinavyoshika betri, maana hapa kwetu chuma kinaota kutu ukikitazama. Hapana. Kijibao kikiwa kimekaa kimya kinaendelea kunywa miliampea 20. Betri zetu ni za miliampea-saa 2000. Gawanya, unapata saa 100, yaani siku nne na ushei za kusubiri tu.

Swichi ya kutelezesha imewekwa nyuma. Sisi tunaiwasha saa kumi na mbili jioni na kuizima asubuhi, na mchana akitaka ngoma yake. Tuna seti mbili za betri, moja inacheza, moja iko kwenye chaja.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, sote tuko nyumbani. Mtoto amegundua kitu ambacho sikumwonyesha: ukikandamiza kitufe kwa muda mrefu badala ya kukigusa, wimbo unajirudia wenyewe. Amekandamiza ngoma kwa viganja vyote viwili, watoto wa uani wakaimba tena na tena, naye akicheza katikati ya chumba mpaka jasho. Niliuliza kwa fundi kama linaweza kuzuiwa. Baadaye nikamwambia aache. Akiing'ang'ania usiku, swichi ya nyuma ipo, na ngoma ni ya mchana.

Hadithi yangu ya samaki haijagusa moyo wake bado. Anabonyeza, anasikia sauti yangu, anageuka kunitafuta nilipo. Nitairekodi upya na baba yake.

Jumapili, 4 Mei

Wiki ya mvua. Umeme ulikatika juzi saa nane usiku, feni ikasimama, joto likamwamsha. Nilikuwa nainuka nikasikia nyayo zake sakafuni, zikasimama, kidole kikikwaruza mbao. Kisha bibi akaanza kuimba gizani. Mama mkwe chumba cha pili alikuwa macho naye. Asubuhi aliniambia alijisikia, akaweka mkono kinywani asije akaitikia.

Leo mchana betri ziko kwenye chaja, nilisahau kuweka seti ya pili. Amekwenda akagusa mwezi, akatega sikio. Kimya. Akagusa tena. Halafu akatoka, akapita uani, akaenda kumshika bibi yake pindo la kanga, akamvuta mpaka mbele ya sanduku na kumkalisha chini.